Difu ya Gari la Kaka

Binti wa kaka yangu ana kichwa kigumu, na najua alikorithi. Wiki nzima kanisumbua gereji kwangu: shangazi, umeamua? Shangazi, utafunga difu ipi? Gari ni la baba yake, la milango miwili, lina miaka thelathini na ushee, na likiwashwa bado linanguruma mpaka mabati yanatikisika. Baba yake alishindana nalo kwenye mbio za kupanda mlima, kisha akaacha, likawekwa chini ya turubai. Sasa binti ana miaka ishirini na mmoja na anataka kulirudisha mlimani mwezi ujao.

Kwa asiyejua, difu ndiyo inayogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili ya nyuma. Ya kawaida ina ujinga wake: kwenye kona kali nguvu yote inakimbilia gurudumu la ndani, linazunguka bure linatoa moshi, na gari linabaki linashangaa. Difu ya kubana haikubali upuuzi huo, inalazimisha yote mawili yasukume. Ziko za aina mbili. Ya gia ni mpole, haina kelele, ila gurudumu moja likinyanyuka kabisa, nayo inaacha kazi. Ya pleti ina sahani zinazobanana kama za klachi. Inagongagonga ukiegesha, inadai oili mpya kila mara, na dereva mzembe inamgeuza akatazame alikotoka. Binti anataka ya pleti. Nilimbishia siku mbili, nikatoka naye barabarani nikamwangalia mikono usukanini, nikakubali yaishe. Anaweza.

Nami nilikuwa na sababu yangu ya kufurahia kazi hiyo. Kila mtu nyumbani aliamini mle ndani mna difu ya pleti, ile ya kaka, iliyochoka kwa uzee. Haimo. Niliitoa mwenyewe miaka ishirini na mmoja iliyopita, nikafunga ya kawaida, nikanyamaza. Nikifunga mpya, siri yangu inazikwa na mambo yanakwisha.

Ijumaa asubuhi gari liko juu ya stendi za chuma, magurudumu hewani, kaka akaingia. Wenzake wa zamani bado wanamwita Kona. Aliangalia mlangoni kama binti yake yupo, akavuta kigoda karibu na meza yangu ya kazi.

"Mdogo wangu, nina ombi. Usinipigie kelele."

"Sema kwanza, kelele nitaamua mimi."

"Mfungie difu ya kawaida. Mwambie ni ya pleti."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Nimdanganye mtoto?"

"Atakwenda polepole kidogo, basi. Atarudi nyumbani mzima. Mama yake halali, na mimi silali. Na kule mlimani mimi mwenyewe mikono iliniisha makali kabla ya wakati, unakumbuka. Hatajua. Nani hulala chini ya gari kumkagua fundi wake? Mimi nilikukagua lini?"

Jamani. Maneno yale yale niliyojiambia mimi, ananiletea yeye kwa mdomo wake, tena ananibembeleza. Ningeweza kusema sawa. Ningefunga, angenishukuru, na binti angepanda mlima ule akiteleza kona kwa kona, akijiuliza ana kasoro gani.

"Kaka," nikasema, "gia iko huru. Zungusha gurudumu la kushoto, uangalie la kulia."

"Kwa nini?"

"Zungusha tu."

Fundi yeyote anajua kipimo hiki, na dereva wa mbio anakijua zaidi. Difu ya kubana, ukizungusha gurudumu moja, la pili linafuata upande huo huo. Ya kawaida, la pili linarudi nyuma. Kaka alichuchumaa, magoti yakalia, akashika tairi kwa mikono miwili akalivuta.

La kulia likazunguka kinyume.

Akazungusha tena. Akaenda upande wa pili akazungusha lile. Kisha akakaa sakafuni, suruali safi kwenye mafuta.

"Tangu lini?"

"Huyo mtoto alikuwa na siku tisa. Ulirudi kutoka mlimani na kioo cha pembeni kimekatwa na mwamba, unacheka. Ukaniachia gari nibadilishe pleti. Nikakaa na hiyo difu mapajani nusu siku. Niliogopa, kaka. Niliogopa kumlea yule mtoto bila baba."

Hakunitukana. Heri angenitukana. Alikuwa anahesabu, midomo ikicheza.

"Misimu miwili," akasema. "Misimu miwili nilishindwa na watoto wadogo. Nilikuja hapa, nikakuambia gari halishiki kona. Ulinijibu nini?"

Nilikumbuka. Hakuna siku sijakumbuka. "Nilikwambia labda umechoka."

"Nikakuamini." Aliitazama mikono yake, akaigeuza mbele na nyuma. "Niliuza helmeti yangu, dada. Kila aliyeniuliza nilimwambia mikono imekwisha."

Nililia, sifichi, na grisi ikanifika usoni. Nilimwomba msamaha kwa maneno machache maana mengi yangekuwa ya kujitetea. Yeye alibaki pale pale chini, hajanigusa wala hajanifukuza.

Ndipo binti akaingia na mkoba begani. Akatuona: baba kwenye mafuta, shangazi macho mekundu.

"Kuna nini? Gari limekufa?"

Kaka aliinuka taratibu. Nilijua angeweza kunianika mbele yake, na nilistahili.

"Nilikuja kumwomba shangazi yako akufungie difu ya kawaida akudanganye ni ya pleti," akasema. "Amekataa."

Macho yalimjaa binti maji kwa hasira. "Baba! Wewe?"

"Mimi. Naogopa, mwanangu. Hofu ni yangu, lakini nilitaka wewe ndiye uibebe." Akavua saa, akaiweka mezani. "Utafungiwa ya pleti. Na kabla hujaondoka na gari hili, utazungusha gurudumu kwa mkono wako. Usimwamini mtu. Wala mimi, wala huyu."

Akakunja mikono ya shati, akalala chini ya gari, akaanza kulegeza bolti za difu niliyoifunga mimi. Nikalala upande wa pili nishike uzito. Nyuso zetu zilikuwa karibu kama tulipokuwa watoto kitanda kimoja.

"Sijakusamehe," akaninong'oneza.

"Najua."

"Shika vizuri," akasema, "isije ikanidondokea mikononi."