Buluu ya Maji Baridi

Unga ulitoka wa rangi ya waridi tena. Mwanafunzi aliutazama ukituama chini ya bilauri.

"Hongera, bibi harusi," alisema jirani yake wa meza. "Rangi imekukubali."

"Kaka, niache. Profesa anakuja mchana."

Profesa alikuwa amesema wazi. Ule unga wa buluu wa haidroksidi ya kobalti, ambao mwanafunzi aliuandikia ripoti, uliisha wote kwenye vipimo, wala hakuna mwingine aliyeuona. Asipoutengeneza tena leo, mbele yake, anatoka kwenye mradi wa betri. Kwamba amepika matokeo, Profesa hakutamka. Hakukuwa na haja.

Tofauti ya rangi ilikuwa tofauti ya umbo. Katika ile ya buluu, matabaka ya fuwele yameachana na maji yamejibanza katikati, kwa hiyo chaji inapata pa kupita. Katika ile ya waridi yamelaliana kama sahani kabatini. Hiyo kila mtu anayo.

Kobalti ilikuwa ileile, magadi makali yaleyale, mizani ileile. Akaanza upya. Glavu ikachanika, akaivua, akashika chupa ya maji kwa mkono mtupu.

Ilikuwa vuguvugu.

Maabara ile ilikuwa na desturi yake: maji huchotwa moja kwa moja mdomoni mwa mtambo wa kuyakeneka, unaoyageuza mvuke kisha maji safi tena, yangali na joto. Yaliyolala kwenye dumu huitwa uchafu. Lakini siku ya buluu umeme ulikuwa umekatika, mtambo umezima, naye akachota ya dumu, yaliyokwisha poa, huku akichekwa.

"Kaka, nipe barafu ya kwenye friji."

"Kwani tunakunywa juisi?"

"Nipe, bwana!"

Profesa alimkuta ameizamisha bilauri kwenye barafu, anadondosha magadi tone kwa tone. Buluu ikatanda. Profesa akainama, akaitazama kwa muda mrefu.

"Umetia rangi?"

"Iweke kwenye maji ya moto, Profesa."

Jirani aliacha kutafuna kalamu. Profesa aliichukua bilauri kwa mkono wake mwenyewe, akaisimamisha kwenye beseni lililokuwa likifuka mvuke. Wote watatu wakasubiri. Buluu ilififia pembeni, ikawa kijivu, kisha waridi ikapanda kutoka chini. Rangi ya kutia haifanyi hivyo.

Mwanafunzi aliangalia kazi yake ikiharibika, hakuinua mkono kuizuia.

"Tengeneza nyingine," Profesa alisema, akikunja mikono ya shati. "Barafu nitashika mimi."