Kinywaji cha Bupe na Karatasi ya Mtendaji

Ndimu ukizikamua kwa hasira, maganda nayo yanatoa uchungu wake. Marehemu mke wangu Bupe ndiye aliyenifundisha hilo. Jumamosi ile nilizikamua kwa hasira makusudi, maana wageni niliokuwa nawaandalia walikuwa Crispin, mtendaji wa kata yetu, na Fanueli, mzee wa kanisa. Walikuwa wanakuja na karatasi.

Kesho yake tulikuwa tunasimika msalaba wa saruji kwenye kaburi la Bupe, mwaka umetimia. Siku hiyo, kama ile ya mazishi, wasifu wa marehemu husomwa mbele ya watu: kazaliwa wapi, kafanya kazi gani, kaugua nini, kafa vipi. Ule wa mazishi aliuandika Crispin. Alinisomea mbiombio nikiwa nimekaa kwenye mkeka, kichwa hakipo, nikaitikia tu. Mimi shule niliishia darasa la nne, barua zangu nasomewa. Nikaja kusikia makaburini kwamba mke wangu alikuwa "mjasiriamali", na kwamba "aliugua ghafla akafariki njiani akipelekwa hospitali".

Njia ipi? Bupe alifia kwenye benchi la zahanati. Pumu ilimbana saa mbili asubuhi, akakata roho saa sita mchana tukisubiri gari la wagonjwa. Gari lilikuwa limebeba viti na turubai kwenda kumpokea mkubwa mmoja aliyekuja kuzindua bomba la maji. Hilo bomba mpaka leo halijatoa hata tone. Na aliyeliruhusu gari kuondoka ni huyu huyu Crispin.

Nilitaka sentensi mbili tu ziingie kwenye wasifu wa kesho. Moja ya kazi yake ya kweli, moja ya lile gari.

Basi nikaendelea na ndimu. Barafu nilinunua asubuhi dukani kwa Nusrat, akanishangaa. "Baba, baridi hii ya Mbeya, barafu ya nini?" Nikamwambia ya wageni. "Wageni gani hao unaowachukia hivyo?" Nikalipa, nikaibeba barafu yangu nyumbani. Nikaifunga kwenye kitambaa safi, nikaiponda kwa mchi. Sukari vijiko vitatu. Nanaa nikachuma nyuma ya jiko, alikoipanda Bupe mwenyewe.

"Nanaa usiitwange kama kisamvu," alikuwa akiniambia. "Ibonyeze tu mpaka inukie."

Ilinukia. Ikanipeleka njia ya mbuga ya Ruaha, miaka ile nikiwa utingo wa lori, tunatoa soda na barafu Iringa mjini kupeleka kambi za watalii, mbele ya kijiji cha Idodi. Joto la kule si la binadamu. Bupe alikuwa nyuma ya kaunta ya mbao, anachanganyia Wazungu vinywaji. Akanisukumia glasi.

"Kunywa, we utingo, jua litakuua."

Nikaona majani yanaelea. "Mimi ng'ombe?"

"Ng'ombe hana bahati hiyo."

Nikanywa. Wiki ile ile nikarudi pale bila mzigo wowote, nimedandia lori la mtu mwingine. Miaka kumi na mmoja alisimama kwenye ile kaunta, na bati la nyumba hii limetoka kwenye miguu yake. Tulipohamia huku kwetu na akaingia kwaya, wazee wa kanisa wakamwambia habari za baa asizitaje. Akanyamaza. Sasa amekufa na bado wanataka anyamaze.

Nikatia pesheni mbili, nikamimina rumu bila kupima, nikajaza maji ya gesi.

"Shikamoo, Mzee Mika," Crispin akaita mlangoni.

Marahaba sikumpa. Nikawaonyesha viti. Eveline, mdogo wake Bupe, aliyekuja kutoka Iringa alikoolewa, akaleta glasi.

"Ndugu yangu Mika, pole na maandalizi," akasema Fanueli. "Tumekuja na ile karatasi."

"Kwanza mnywe. Kwangu mgeni hasemi na koo kavu."

Fanueli akapiga funda kubwa, akafumba macho, akapiga lingine. "Ah! Juisi tamu hii. Ya nini?"

"Pesheni, ndimu, nanaa."

"Na nini tena?"

"Na kazi ya Bupe."

Crispin akanusa yake, akacheka. "Mzee Fanueli, hiyo ina rumu."

Fanueli akaitua glasi kama imemng'ata. Ilikuwa imeshafika nusu. "Mika! Umeninywesha pombe!"

"Nimekuonjesha alichokuwa anatengeneza mwanakwaya wenu miaka kumi na mmoja. Sadaka yake mlipokuwa mnaipokea, mliinusa?"

"Shemeji, taratibu," Eveline akasema, ila hakuwa ananikataza.

Crispin akakunjua karatasi. Ilikuwa ile ile ya mwaka jana, wamebadilisha tarehe tu. Nikamwambia sentensi zangu mbili.

"Hilo la baa, mimi halinihusu, malizaneni na kanisa. Ila la gari halisomwi. Huo ni uchochezi, mzee."

"Uchochezi ndiyo nini? Gari lilibeba viti au halikubeba?"

"Lilikuwa na agizo kutoka juu."

"Juu wapi? Mbinguni?"

Eveline akacheka kwa pua. Crispin uso ukambadilika.

"Mzee Fanueli hawezi kusoma hilo, na mimi sisomi. Kama unalitaka sana, simama ulisome mwenyewe." Alisema huku anatabasamu, akimwangalia Fanueli. Kata nzima inajua nasomewa barua.

"Nitasoma," nikasema.

"Utasoma wewe?"

"Mimi. Sasa tokeni."

Fanueli akatoka bila kuaga, kajifuta mdomo kwa leso. Crispin akaimaliza glasi yake akiwa amesimama, akatafuna barafu. "Kinywaji kizuri, lakini." Nikamwambia aiache hapo mlangoni na asivuke tena kizingiti changu.

Eveline akachukua daftari, akaandika kwa herufi kubwa. Tulikaa uani tangu saa tisa mpaka kuku wanaingia bandani. Kidole changu kinatambaa, mdomo unafuata. Nikajimiminia glasi ya kilichobaki, na yeye yake. Akaonja, akakunja uso.

"Dada asingempa mtu hii. Chungu."

"Si yenu hiyo, ilikuwa ya wale."

"Haya, rudia. Neno turubai unalimeza."

Nikarudia. Mara ya ishirini na ngapi sijui, nilijikuta nalia kwa hasira mbele ya neno moja. Mtoto wa darasa la pili angelipita mbio. Eveline akasubiri, akasema tu, "Tu-ru-ba-i."

Jumapili upepo ulikuwa mkali makaburini. Crispin alikaa mbele na suti na miwani ya jua. Fanueli akaomba sala fupi, akataka kurukia wimbo. Nikasimama, nikatoa daftari. Watu wakatazamana.

Nilisoma kama mtu anavuka mto kwa kukanyaga mawe. Kazaliwa wapi. Kabatizwa lini. "A-li-fa-nya ka-zi ya ku-cha-nga-nya vi-nywa-ji, ka-mbi ya wa-ta-lii." Wazee wa kanisa wakaangalia viatu vyao. Wanawake wa kwaya hawakuangalia chini hata mmoja. Crispin akakohoa, akainua saa yake niione.

Nikafika. "Gari la wagonjwa lilikwenda kubeba viti na turubai. Bupe alisubiri masaa manne kwenye benchi. Akafa."

Upepo ulichukua nusu ya maneno. Nikadhani yameishia hapo, yamekwenda na upepo na hakuna aliyeyapata.

"Baba!" Sauti ya mama mmoja ikatoka nyuma kabisa. "Rudia hapo pa gari. Huku hatujasikia."

"Muda, mzee, muda umekwenda," Crispin akasema, ameshasimama.

"Arudie!" wakasema wengine.

Nikarudisha kidole mwanzo wa mstari, nikavuta pumzi, nikaanza upya kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya bonde.