Kizunguko Kilichojipeleka Polisi

Emilienne alikuwa anageuza mihogo juani pale kizunguko cha maji kilipotoka mto Lualaba na kupita mbele ya mlango wake. Alikitambua. Ndicho kilichomzamisha kaka yake Lukumani juma lililopita, yeye na mtumbwi. Aliacha mihogo, akafunga kitenge vizuri, akakifuata.

Penye mwinuko kilitandaa kikawa chepesi. Kwenye shimo la barabara kiliingia, kikasokota kwa nguvu, hakikutaka kutoka. Vizunguko ndivyo vilivyo, vinafuata umbo la chini. Miaka yote hiki kilikaa juu ya mwamba wa kivukoni, kidogo tu, watoto wakikichezea. Kisha ikaja dragi, mashine ya kuchimba dhahabu mtoni, ikafyonza mchanga hadi likabaki shimo refu kama kisima. Kizunguko kikatumbukia humo, kikanenepa. Sasa, nani wa kulaumiwa hapo? Hata kuku angejibu!

Kwenye posti ya polisi, kamanda Marcellin alikiambia kingoje, kuna mtu mbele. Zamu yake ilipofika kiliingia, kikazunguka juu ya saruji na kuonyesha chini yake umbo lote la shimo, kuta zake wima na mikwaruzo ya bomba la kufyonzea. Kamanda alichungulia, akaandika.

"Inakubali kosa," alisema.

"Kosa gani?" Emilienne alifoka. "Angalia chini! Mashine ndiyo ilichimba. Watu wanavuka pale kila siku. Musimamishe mashine, mufukie shimo!"

"Mashine iko na karatasi, mama. Maji iko na karatasi?"

Hasira zilimpanda Emilienne. Alisema wote ni wezi, kuanzia huyo aliyeshika kalamu, na kwamba haondoki. Kamanda alimwomba apunguze sauti. Kizunguko kilifungiwa mahabusu, kwenye kona ambapo sakafu imebonyea, kikatulia. Dragi ilisikika ikinguruma mtoni.

Jumatatu kikaja kingine, kipana zaidi, kikizungusha kandambili moja ya mtoto na daftari la shule. Kamanda alimwita Emilienne, ambaye alikuwa bado amekaa mlangoni, akamuuliza kama anamjua mwenye daftari.

Alimjua. Falonne, binti wa jirani yake.

Polisi walikisogeza kile cha kwanza mle mahabusu, nafasi ya cha pili ikapatikana.