Mto Uliofuata Mchanga Wake

Saa kumi jioni Elena alikunja mkeka wa sebuleni, akapandisha viti mezani, akafungua mlango wa nyuma ili mto upite. Mto uliingia bila haraka, ukagusa kuta zote, ukatulia. Akaleta muhogo aliokwisha kumenya, akauloweka pembeni ya kabati.

Kabla ya mwaka jana aliuloweka kidimbwini, pale mto ulipotulia nje kidogo ya mji wa Koboko. Muhogo wa kule ulitoa unga mweupe, na unga huo ndio uliomjengea nyumba. Ilipofika zamu ya plasta, Adrabo mwenye lori alimletea mchanga mzuri. Elena alifurahi, hakuuliza umetoka wapi. Ulitoka palepale kidimbwini. Plasta ilipokauka, mto ukaufuata mchanga wake. Kila nyumba iliyopakwa mchanga ule ilipata kipande chake cha mto, na majirani wakainua vitanda kwa matofali.

Kulowekea ndani si shida. Shida ni kome. Walikuwa wadogo, wa manjano, wala si wa huku. Walizaliana chini ya kabati, wakafa kwa mafungu, na muhogo ukashika uvundo. Sokoni wateja waliunusa unga wakaurudisha. Elena alikuwa amechoka, na bila unga hakuwa na mbele wala nyuma.

Latifah, ofisa wa mazingira kutoka Arua, alikuja na viatu vya mpira. Alipitisha mkono sakafuni, akatoa kiganja kizima cha kome.

"Mama, hii kome napenda maji ya moto, yenye iko nasimama tu. Munachimba mchanga, maji nakosa kukimbia, jua nachoma. Basi, iko nazaa."

"Dawa iko?"

"Iko moja. Muache kuchimba, mto narudi kwake."

"Ambia Adrabo, madam."

"Nilimwambia." Latifah alitazama saa yake. "Wacha niende. Kwangu kule Arua Hill nilipiga plasta juzi, na mchanga yake. Saa hii mto iko naingia, na watoto iko peke yao."

Asubuhi mto ulipotoka, Elena alizoa kome kwa koleo. Maji yalikuwa yamefika stoo, kwenye gunia la mwisho la unga. Alilia kidogo, akajifuta kwa kanga, akatoka barabarani kusimamisha lori. Alimchukia Adrabo kwa moyo wote, ila alimwamkia vizuri.

"Leta mchanga lori moja, niinue sakafu ya stoo."

"Ile ya kidimbwi iliisha, mama. Sasa nachimba juu, pale munachota maji ya kunywa."

Elena aliitazama stoo iliyoachwa wazi, akalitazama gunia lililolowa.

"Leta," alisema, akasogea kando lori lipite.