Jiwe Lililoita Watu Mezani

Saa saba mchana Bibi Pini alizima redio, akafunika cherehani kwa kitambaa, akatoa pini mdomoni moja moja na kuzitia kibatini, kisha akaanza kula. Tonge la kwanza tu, chini ya taya la kushoto pakavimba kama ameficha yai, kama ilivyokuwa kila siku. Uvimbe ukaita:

"Njooni mle! Wa Kwanza! Wa Kati! Kitinda! Chakula kinapoa!"

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ya zamani, watoto walipokuwa bado wadogo, wakicheza nje mpaka magoti yakajaa vumbi.

Fundi viatu wa chumba cha pili akagonga ukuta. "Bibi, leo umewaita mara nne. Kwani hawajasikia?"

"Wamesikia, baba. Wako njiani."

Walikuwa njiani mwaka wa sita huo.

Mara nne alikwenda zahanati, na mara zote nne alikwenda bila kula, kwa kuwa aliamini hospitali huendewa tumbo likiwa tupu. Daktari akampapasa taya, akalikuta limelala bapa.

"Bibi, mbona sioni kitu? Nani amewahi kukuona ukila, aje anieleze?"

Bibi Pini akafikiri sana. "Sahani," akasema.

Mara ya tano daktari akakata limau, akampa alambe. Uvimbe ukajaa papo hapo, ukaita. Kwenye foleni nje, mzee mwenye gongo akaweka faili lake chini, akasimama. Nesi akaenda kunawa mikono. Daktari mwenyewe akavua miwani, akasema, "Nakuja, mama," akafika mlangoni, akarudi kukaa.

"Ni jiwe," akasema, akiandika. "Limeziba mfereji wa mate. Ukila, mate yanataka kutoka, yanakosa njia."

"Si saratani?"

"Si saratani, bibi. Fungua mdomo niliguse."

"Kwanza kitendawili."

"Haya, tega."

"Kisima changu hakina kamba wala ndoo, nami nachota kutwa."

Akafungua mdomo. Daktari, kidole kikiwa ndani ya jibu, akashindwa. "Chukua mji," akasema. Bibi Pini akaenda nao nyumbani, mji mzima, hauna mtu. Alikuwa ameambiwa pia kwamba siku ya kutolewa jiwe aje na mtu wake.

Jioni akawapigia watoto simu. Wa Kwanza alikuwa na wageni. Wa Kati akasema ataangalia. Kitinda ndiye aliyezungumza.

"Mama, tunakusikia kila siku saa saba. Mimi nanyanyuka kabisa, nafika mlangoni, wenzangu kazini wananitazama. Punguza sauti kidogo."

"Mlangoni unafika?"

"Nafika."

"Basi hapo ni karibu, mwanangu."

Siku ilipofika, aliyekwenda naye ni fundi viatu, na gundi yake vidoleni. Jiwe likatoka, dogo kama punje ya mahindi, la manjano. Wakampa kwenye kichupa.

Siku tatu alikula kimya. Ukuta haukugongwa. Siku ya nne, saa saba kasoro, simu ikalia.

"Mama, umepona!" Kitinda alisema kwa furaha. "Huku kumetulia, hata chakula kinapita vizuri. Basi ile safari ya kuja kukuona tuiache, au sio? Maana umeshapona."

"Nimepona, mwanangu. Kula ushibe."

Akaweka simu chini. Akamimina jiwe kiganjani, akalisuuza kwa maji ya uvuguvugu, akalirudisha chini ya ulimi, pale pale lilipotoka, nalo likaingia lenyewe kama mtu anayejua kitanda chake. Akapanga sahani nne. Akalamba limau.

Uvimbe ukaita. Katika miji mitatu, watu watatu wakaweka vijiko chini, wakanyanyuka, wakafika mlangoni, wakasimama hapo kidogo, wakarudi kukaa.

Bibi Pini akawangoja. Kisha akala chakula chake, na zile sahani tatu akazifunika, zisipoe.