Bukari ya Golf

Benita alikuwa na kitu kimoja tu cha kumfikisha Ubelgiji: habari ya mama yake. Chuo kimoja cha huko kilitaka mwanafunzi mmoja wa kilimo kutoka chuo kikuu cha Kasapa, akasome mwaka mzima namna ya kuhifadhi chakula. Bwana Jeannot, wa ofisi ya masomo ya nje, aliwaambia waombaji wote wazi: "Alama zenu zinalingana. Watakaowahoji kwenye video watataka kujua kwa nini weye, si mwingine."

Benita alijua kwa nini. Mama yake anakausha samaki kule Pweto, kando ya ziwa. Mwaka mmoja mvua ilipowakuta samaki wako kwenye chanja, mama alivua kitenge chake cha harusi akawafunika, yeye akabaki analowa. Samaki wakaoza vilevile. Tangu siku hiyo Benita alitaka kujenga tanuri lisiloogopa mvua.

Habari hiyo hakuwahi kumwambia mtu ila Plamedi, rafiki yake wa kufa na kuzikana, ambaye naye alikuwa anaomba nafasi ileile. "Tujizoeze, dada. Anza weye," Plamedi alisema. Benita alipofika kwenye kitenge, Plamedi alilia mpaka akaomba kitambaa. Machozi ya kweli kabisa! Ndiyo yanayouma zaidi, hayo.

Siku ya mahojiano umeme ulikatika Kasapa, basi Plamedi akamwita kwao, mtaa wa Golf, kwenye jenereta na intaneti. Akahojiwa yeye kwanza, mlango umefungwa. Benita alikuwa jikoni, Mama Plamedi anamjazia sahani: bukari ya unga wa mahindi, sombe ya majani ya muhogo, kuku. "Kula, mwanangu. Utajibu Wazungu na tumbo tupu?" Benita akala, akashiba, akaingia.

Alipomaliza kusimulia, mama mmoja kati ya wahojaji kwenye skrini alivua miwani. "Mademoiselle, habari hii tumeisikia sasa hivi. Hata hicho kitenge. Ni ya nani?"

Jamani! Neno moja tu lilitosha. Lakini Benita alikuwa amekalia kiti cha watu, chakula cha watu kingali tumboni, na nyuma ya mlango Mama Plamedi alikuwa anaimba huku akiosha sahani yake. Kwao Pweto walimlea hivyo: nyumba iliyokulisha leo, huitii aibu leo. Akanyamaza. Wale nao wakachukua kimya chake kuwa ndilo jibu.

Nafasi akapewa Plamedi. Benita alilia kwa hasira, na si kwa ajili ya Ubelgiji tu. Mtu ambaye hajawahi hata kukohoa moshi wa samaki alikuwa amejifunga kitenge cha mama wa mwenzake, tena mbele ya wageni.

Wiki iliyofuata Plamedi akatokea Kasapa na bakuli limefungwa kwa kitambaa. Hana hata haya!

"Mama amekutumia bukari na sombe. Benita, usinikasirikie, weye utapata ingine. Sasa unisaidie kidogo. Bale ba ofisi ya bageni kule Ubelgiji banafanya siku ya kukaribisha banafunzi, banataka nibaeleze samaki ya kwetu Pweto. Moto munautia chini ya chanja, ao pembeni?"

"Ya kwenu wapi?"

Plamedi akacheka kidogo, akasukuma bakuli. "Kula kwanza, tutaongea."

Sombe ilinukia vizuri, na Benita hakuwa ametia kitu mdomoni tangu asubuhi. Aliliangalia bakuli. Kisha akakaza fundo la kitambaa, akamrudishia mikononi.

"Umwambie Mama asante. Umwambie leo sikukula."

Akavaa viatu, akachukua simu.

"Unaenda wapi?" Plamedi aliuliza, bakuli limemkaa kifuani.

"Kwa Bwana Jeannot. Aite bale ba Ubelgiji, miye nimwite mama yangu. Atabaambia mwenyewe moto unatiwa wapi."