Bei ya Kila Ijumaa

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na nne Mei, na manyunyu yalianza kabla ya sala ya alfajiri. Kufikia saa tatu yalikatika, yakaacha matope mbele ya geti la nyumba ya mama.

Dada mkubwa, fundi cherehani, alifika na ufunguo mkononi na wasiwasi moyoni. Mama alikuwa amehamia kwake, ghorofa ya nne ya jengo la mtaa mwingine, na tangu miguu imkatae alikuwa hajakanyaga ardhi miezi mitano. Chumba cha chini, jirani na kliniki, kilikuwa kimepatikana. Mwenye chumba alisema atawashikia hadi Jumamosi tu. Nyumba hii isipouzwa, pesa za kukilipia hazingepatikana, na mama angebaki dirishani akihesabu vichwa vya wapita njia.

Kazi ya kuuza alipewa mdogo wake, ambaye ukoo mzima ulimwita Profesa kwa kuwa hakuna jambo asilolijua. Dalali alimwambia nyumba ni ya milioni sitini na tano, ikizidi sana sitini na nane. Profesa akasema dalali hana macho. Jirani aliuza themanini na tano, na yeye hakubali kuwa chini ya jirani. Akaanza na tisini. Wanunuzi walipokosekana, akabuni mbinu: kila Ijumaa aliikata bei ya zamani kwenye ubao wa getini kwa mstari mwekundu, akaandika mpya chini yake, ili watu waone wanavyopunguziwa. Sasa ubao ulikuwa na bei saba zilizokatwa, na ya nane ilikuwa sitini na mbili.

Mbele ya ubao alisimama dalali pamoja na mwanamke aliyevaa sare ya uuguzi, akipima upana wa geti kwa futi ya chuma. Dada akamsalimu, akamkaribisha ndani. Muuguzi akashukuru, akasema ndani anakujua; alikuja mwezi wa pili, akatoa ofa ya sitini na tano.

"Kaka yako alinicheka," akasema. "Akaniambia nikatafute banda la kuku. Sasa sina haraka, dada. Nasubiri Ijumaa."

"Ijumaa kuna nini?"

"Hamsini na nane. Mtaa mzima unajua."

Dada alihisi damu ikimpanda kichwani. Ofa ya sitini na tano hakuna aliyemwambia, si yeye wala mama. Alimwomba Mungu kimoyomoyo amshikie ulimi. Mungu, kwa hekima yake, akauachia.

Profesa alikuwa barazani na kikombe chake cha chai. Akaitwa, akaja akitabasamu, akaanza kueleza kwamba ofa ya kwanza haikubaliwi, kwamba mnunuzi ana saikolojia yake, na kwamba dada, kwa heshima zote, ni mtu wa nguo.

"Ndiyo, wa nguo," dada akasema. "Na mteja akiniona nakata bei kila Ijumaa, hanunui Alhamisi. Mama amefungiwa juu miezi mitano, wewe unashindana na jirani?"

Profesa akafungua kinywa. Akaambiwa akifunge, kwa sauti iliyowatoa majirani wawili nje. Ndipo dada alipoinama, akachota tope kwa kiganja, akazipaka zile bei saba moja baada ya nyingine, kwa nguvu hadi ubao ukalia. Akaiacha sitini na mbili peke yake. Akamgeukia muuguzi.

"Ulichekwa nyumbani kwetu. Nakuomba radhi. Lakini bei ni hiyo leo, Ijumaa, na Ijumaa zote. Majirani hawa wananisikia, na Mungu ananisikia. Nikishusha hata senti moja, ichukue nyumba bure, na mama nitambeba mgongoni ngazi zote hadi nife."

Muuguzi akamtazama dalali. Dalali, aliyekwisha kusikia viapo vingi vya wauzaji, safari hii hakucheka. Akatikisa kichwa kwamba huyu hatashuka.

Futi ikajikunja ndani ya kasha lake. Muuguzi, bado na kinyongo usoni, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote:

"Basi nishuhudieni na mimi. Kesho saa nne nitakuwa benki na sitini na mbili kamili. Nitakulipa wewe, dada. Huyu kaka yako asiguse hata risiti."